Waandishi chipukizi wasikilize miswada yao kabla ya kuwalaumu wachapishaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niwajibu vijana wanaolalamika kwamba wachapishaji wa riwaya za Kiswahili wamewafungia milango. Malalamiko yao yana ukweli, nami nitaugusia baadaye, lakini kwa mtu ambaye kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa akipewa miswada aisome na kuitolea maoni, ni vigumu kuinyamazia sababu ya kwanza inayoirudisha miswada mingi kwa wenyewe. Sababu hiyo huonekana mapema, aghalabu katika ukurasa wa pili au wa tatu, pale wahusika wanapofungua midomo.

Katika muswada mmoja nilimkuta konda wa daladala, gari limejaa na mvua inanyesha, akimwambia abiria: “Tafadhali ndugu, naomba unipatie nauli yako ili niweze kuendelea na kazi yangu.” Sura mbili mbele, bibi kizee wa Pangani anamkemea mjukuu wake kwa Kiswahili kile kile cha karatasi ya mtihani, na jambazi naye anatishia kwa Kiswahili hicho hicho. Kosa la sarufi halikuwapo hata moja. Lakini konda tunayemjua sote huchezesha sarafu kiganjani, akasema, “Haya, wa dirishani huko, tusisahauliane,” na abiria akaingiza mkono mfukoni bila kuulizwa mara ya pili. Mwandishi wa muswada ule hupanda daladala kila siku. Alichokosa ni kulikumbuka sikio lake alipokaa mezani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa kijana anayetaka kuandika riwaya ni kwamba asome mazungumzo yake kwa sauti, na akipata mtu wa nyumbani wa kupokezana naye, wasome bila kutaja majina ya wahusika. Wakifika mahali ambapo msikilizaji wa tatu hawezi kutambua nani anasema, hapo pana kazi ya kuandika upya. Wazee wetu walitunga tenzi ili zighaniwe mbele ya watu, na sioni kwa nini nathari ione haya kupita mdomoni.

Ugonjwa mwingine ni wa kutangaza hisia. Niliwahi kukaa na kijana mmoja tukaipitia sentensi yake iliyosema kwamba mama wa marehemu “alikuwa na huzuni kubwa isiyo na kifani.” Nilimuuliza mama huyo alifanya nini asubuhi ile. Kijana alifikiri kwa muda, kisha akasema kwamba mama alimimina chai ya maziwa, akaisahau mezani mpaka ikaota utando, akaimwaga na kumimina nyingine, nayo akaisahau vile vile. Tuliiandika chai hiyo, na sentensi ya huzuni tukaifuta.

Kuhusu nidhamu ya kazi sina mengi, kwa kuwa anayesubiri likizo ndipo aandike hataandika hata hiyo likizo ikija. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, na Muhammed Said Abdulla alikuwa mtu wa magazeti kama wewe, Mhariri. Abdulla alipeleka hadithi yake ya upelelezi katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957/58, akashinda, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Njia hiyo bado iko wazi: Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell ilianzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na hapa Tanzania sasa ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, nazo zote hupokea miswada ambayo haijachapishwa. Hata asiyeshinda hupata faida moja kubwa, nayo ni tarehe ya mwisho isiyobembelezeka.

Sasa nije kwa wachapishaji. Ni kweli kwamba wengi wao hutanguliza vitabu vya shule, kwa sababu shule ndizo zenye uhakika wa kununua, na riwaya isiyo na matumaini ya kufika darasani huonekana kuwa hasara. Hata hivyo, kijana asikimbilie kulipia uchapaji kwa hasira. Mimi nilifanya hivyo nilipokuwa na umri wake: nililipia nakala 500, nikapewa vitabu ambavyo gundi yake iliachia kabla msomaji hajafika sura ya nne, na mpaka leo maboksi manne yako uvunguni mwa kitanda. Nilidhani kupiga chapa na kuchapisha ni kitu kimoja, kumbe anayepiga chapa humaliza kazi yake siku unapobeba maboksi, wakati mchapishaji huhariri, husambaza na kuhangaika na maduka ya vitabu.

Na anayebahatika kupewa mkataba ausome kifungu cha mrabaha, yaani sehemu ya mauzo anayolipwa mwandishi, kabla ya kusherehekea. Asilimia 10 ya bei ya dukani na asilimia 10 ya fedha anazopokea mchapishaji ni vitu viwili tofauti. Kitabu cha shilingi 10,000 kitamletea mwandishi shilingi 1,000 kwa hesabu ya kwanza. Kwa hesabu ya pili, ikiwa muuzaji amepunguziwa asilimia 40, mchapishaji hupokea shilingi 6,000 na mwandishi atapata shilingi 600. Kuuliza jambo hili si ukosefu wa adabu, na mchapishaji mwaminifu hukujibu bila kukunja uso.

Nawe, Mhariri, una sehemu yako. Zamani magazeti ya Kiswahili yalikuwa na hadithi za mfululizo ambazo watu walizigombania kuliko habari za siasa. Mwandishi aliyelazimika kuleta sura kila wiki, kisha akawasikia wasomaji wakiibishania kwenye baraza la kahawa, alipata mafunzo ambayo mimi siwezi kumpa kwa kalamu yangu nyekundu. Safu mbili za toleo la Jumamosi zingetosha kuanzia.

Msomaji wa miswada,
Tanga