Kabla ya kubomoa, pandeni kwanza juu ya paa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyetaka nyumba zile za miaka ya 1950 na 1960, zenye paa bapa na ukuta mzima wa vioo, zibomolewe zote. Sababu zake ni kwamba zinavuja, zinakula pesa na mtindo wake umepitwa na wakati.

Mimi ni seremala wa mapaa, sasa nimestaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kwenye nyumba za aina hiyo, na kwa kawaida niliitwa mwenyewe akiwa ameshakata tamaa. Kwa hiyo la kuvuja nalikubali bila ubishi. Tena nyingine zilianza kuvuja zikiwa mpya kabisa. Villa Savoye, mama wa nyumba hizi zote, ambayo Le Corbusier aliimaliza mwaka 1931 huko Poissy, Ufaransa, iliingiza mvua hadi Bi. Savoye mwenyewe akawa anamwandikia msanifu barua za malalamiko. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wakuu wa mji walitaka kiwanja wajenge shule. Wasanifu wakapiga kelele, mwaka 1965 serikali ikaiweka chini ya ulinzi wake, na tangu mwaka 2016 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ingehukumiwa kwa kuvuja tu, isingekuwepo.

Maji hayaingii kwa uchawi, yana njia yake, na mara nyingi njia hiyo ni ndogo hadi inakera. Paa bapa halitakiwi kuwa bapa kweli. Lazima liwe na mteremko kidogo. Mafundi wa wakati ule walitandika tabaka za karatasi za lami, kisha wakamwaga kokoto juu yake. Paa la namna hiyo likitunzwa vizuri huenda miaka ishirini hivi. Sasa liache miaka sitini bila mtu kulipanda. Majani yanaziba tundu la kutolea maji, maji yanatuama, lami inapasuka pale inapokutana na bati la ukingoni. Maji yakishapenya hapo hayadondoki papo hapo. Yanafuata mgongo wa boriti mita kadhaa, ndipo yanaangukia sebuleni. Mwenye nyumba anaona doa katikati ya dari, analaumu dari. Nimewajua watu waliolipaka rangi doa lile lile mwaka baada ya mwaka, na ngazi wanayo.

Chombo ninachokiamini kuliko ripoti yenye picha za rangi ni bisibisi bapa. Wasanifu wa kizazi kile walipenda boriti zitokeze nje ya ukuta, kichwa wazi kwenye mvua na jua. Inapendeza, lakini mti hunywa maji kwa kichwa, pale ulipokatwa. Basi unaanzia hapo. Bisibisi ikiingia kina cha ukucha, umekutana na uozo wa juujuu: unachonga, unatia dawa, unafunika kichwa kwa bati. Ikizama mpaka mpini, unarudi nyuma kuelekea ukutani, unachoma, unasogea, unachoma tena, hadi mahali mti unapoikataa. Kama mti umeikataa ukiwa bado nje ya ukuta, unakata kilichooza na kuunga kipande kipya kwa kiungo cha mshazari, na asiyekuwepo siku hiyo hatajua. Uozo ukivuka ukuta na kufika juu ya nguzo, mazungumzo yanabadilika. Katika nyumba hizi kuta hazibebi chochote, ni vioo na mbao nyepesi tu. Mzigo wote umewekwa juu ya nguzo chache na boriti chache. Hapo aitwe mhandisi, na mwenye nyumba akae akisikiliza.

Zege nalo lina njia yake ya kusema. Nondo zikishika kutu huvimba, na zikivimba hulipasua zege kutoka ndani. Gonga kwa nyundo nyepesi, tulia, sikiliza. Likijibu kwa mlio wa debe tupu, jua zege limeachana na chuma chake hata kama rangi ya nje bado inang'aa.

Asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, niiguse kwa ufupi. Vigae vya sakafu na mabamba ya dari ya enzi hizo mara nyingi vina asbesto, na rangi za zamani zina madini ya risasi. Visisuguliwe wala kutobolewa kabla ya kupimwa. Lakini anayedhani tingatinga litamwondolea tatizo hilo ajue kwamba asbesto inatakiwa kutolewa kwa utaratibu kabla ya kubomoa pia. Gharama hiyo sijawahi kuiona kwenye hesabu za wabomoaji wanapomshawishi mteja.

Sasa, liko swali ambalo bisibisi hailijibu: hata kama inatengenezeka, inafaa kutengenezwa? Mimi natazama fikra iliyomo. Upenu umepimwa uzuie jua la juu na kuruhusu la chini? Madirisha yanatazamana ili upepo upite? Nyumba imekaa kwenye kiwanja kama mtu aliyechagua mahali, au imetupwa tu? Mambo hayo yakiwepo, viraka vya wamiliki waliofuata havinitishi. Nyumba ya Kaufmann, ambayo msanifu Richard Neutra aliijenga Palm Springs, Marekani, mwaka 1946, ilikuja kuzibwa baraza, ikaongezewa vyumba, ikabebeshwa mitambo ya kupoza hewa juu ya paa. Katika miaka ya 1990 wasanifu Marmol na Radziner waliondoa nyongeza zote wakiongozwa na picha za zamani za mpiga picha Julius Shulman, na mawe ya kurekebishia wakayafuata kwenye machimbo yale yale ya Utah yalikotoka ya mwanzo. Neutra huyo huyo alijenga nyumba ya Maslon huko Rancho Mirage mwaka 1962. Ile haikuwa gofu. Ilinunuliwa mwaka 2002 na muda mfupi baadaye ikabomolewa. Anayesema nyumba hizi zinabomolewa kwa sababu ni mbovu anieleze habari ya hiyo.

Na zipo zilizodharauliwa na waliokuwa nazo, wengine wakazichukua. Mbunifu Mfaransa Jean Prouvé alitengeneza nyumba za chuma na alumini za kupelekwa Afrika. Moja ilisimama Niamey mwaka 1949, nyingine Brazzaville mwaka 1951. Karibu na mwaka 2000 zilifunguliwa kipande kwa kipande na kurudishwa Ufaransa, ya Brazzaville ikiwa na matundu ya risasi za vita. Mwaka 2007 mojawapo iliuzwa mnadani New York kwa karibu dola milioni 5. Sisemi bei ndiyo kipimo. Nasema tu kwamba hazikuwa chuma chakavu.

Sitetei kila paa bapa. Nyingi zilijengwa na watu walioiga sura bila kuelewa sababu: vioo vimeelekezwa kwenye jua kali la jioni, upenu hakuna, ndani unaoka. Nyumba kama hiyo boriti zake zikiwa zimeoza hadi kwenye nguzo, sioni kosa kuiaga. Ipimwe, ipigwe picha, milango na mbao nzima zitolewe, kisha watu waendelee na maisha yao. Hata hivyo naiona afadhali hiyo kuliko nyumba nzuri "inayookolewa" na tajiri anayeng'oa mbao zote za ndani, akapaka kila kitu rangi nyeupe, akabakiza jina la msanifu kwenye tangazo la kuuzia.

Kwa msomaji mwenzangu na wengine walio na karatasi ya kubomoa mezani, ombi langu ni la siku moja ya kazi. Mwiteni fundi, ikiwezekana mvua ikinyesha, aje na ngazi, bisibisi, nyundo na ndoo ya kuzolea majani. Aanzie kwenye matundu ya maji. Na asiwe yule aliyekwisha ahidiwa kujenga nyumba mpya mahali hapo.

Seremala mstaafu,
Msomaji wako