Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Mtoto Asome na Aelewe Kabla ya Gredi ya Nne

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa nyanya wa wajukuu wawili wanaosoma katika shule ya umma hapa Eastlands, Nairobi, na pia nikiwa mwalimu mstaafu niliyefundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi. Ombi langu ni kwamba mtoto asiingie Gredi ya Nne kabla ya kuweza kusoma na kuelewa anachokisoma.

Jioni moja mjukuu wangu mkubwa alinisomea kwa Kiingereza, bila kukwama hata neno moja, hesabu ya mama aliyenunua sukuma wiki ya shilingi 30 na nyanya za shilingi 40, akalipa kwa noti ya shilingi 100. Swali lilikuwa alirudishiwa pesa ngapi. Akajumlisha nambari zote tatu, akaandika 170. Mtoto huyohuyo nikimtuma kwa mama mboga hurudi na chenji kamili, na akipunjwa hata shilingi tano hung'amua kabla hajaondoka kibandani. Nilipomsimulia habari ileile kwa Kiswahili, alijibu kabla sijamaliza. Kujumlisha na kutoa anajua. Yale maandishi ndiyo yaliyokuwa kwake sauti za kutamka tu, wala hakuona ndani yake mtu anayenunua mboga. Nimewaona wengi wa namna hiyo darasani, na sisi walimu tuliwalea hivyo kila tulipowasifu kwa kusoma haraka bila kuwauliza walichosoma.

Mheshimiwa, sera inayotaka watoto wa Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao ipo, na katika mitaa yetu mingi lugha hiyo ni Kiswahili. Hata hivyo, shule nyingi hukimbilia Kiingereza tangu siku ya kwanza, mara nyingi kwa shinikizo letu wazazi, na mtoto hujikuta akijifunza herufi, lugha na hesabu kwa mkupuo mmoja.

Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 naukubali, kwa kuwa unataka mtoto atende badala ya kukariri. Kinachonihuzunisha ni kuona kazi ya jioni ikiwa kubandika picha ambazo mzazi amezichapisha saiba kwa pesa za chakula. Afadhali mtoto atumwe nyumbani na hadithi moja aje kutusimulia.

Naomba basi wizara iagize kwamba katika gredi hizo tatu kipindi kimoja cha dakika 30 kila siku kiwe cha hadithi, ambapo watoto watasoma, watasimulia kwa maneno yao wenyewe, kisha kila mmoja ataandika sentensi mbili ambazo hakuzinakili ubaoni. Madarasa yetu yamejaa, najua, lakini kazi hii inaweza kufanywa na watoto wawiliwawili. Aidha, tathmini ya Gredi ya Sita, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, haina budi kumdai mtoto aandike aya yake mwenyewe badala ya kuchagua majibu pekee, kwa sababu shule hufundisha kwa bidii kile inachojua kitatahiniwa.

Mjukuu wangu mdogo ataingia Gredi ya Kwanza Januari ijayo. Ningefurahi agizo hilo limkute darasani.

Wako mwaminifu,
Nyanya na mwalimu mstaafu,
Eastlands, Nairobi