Mjukuu wangu hakuwa na moyo mbovu

Mhariri,

Mjukuu wangu ana miaka 8 na kila msimu wa karafuu huja kukaa nami Wete. Usiku mmoja alikuwa na mafua, nikamchua mafuta kifuani. Mkono ukanisimama. Moyo wake ulikwenda mbio kidogo, ukazubaa, ukaenda mbio tena.

Asubuhi nikampeleka kwenye kituo kimoja cha afya. Aliyempima alisikiliza dakika moja, akasema: “Moyo huu mbovu, asikimbie.” Basi. Wiki sita mtoto hakugusa mpira wala hakupanda mkarafuu (hilo la mkarafuu, kusema kweli, halikuniuma). Mama yake yuko Oman kikazi. Kila akipiga simu ni kilio.

Nikauza pishi zangu za karafuu, tukapanda boti Mkoani kwenda Unguja. Daktari wa huko alimbandika nyaya za kipimo cha umeme wa moyo, akaitazama karatasi, kisha akaniambia nimshike mtoto kifundo cha mkono. “Vuta pumzi taratibu. Haya, toa.” Akivuta, mapigo yanakazana, akitoa, yanapoa. Akamwambia azuie pumzi kidogo: yakaenda sawasawa chini ya kidole changu!

“Bi mkubwa, huyu mzima,” akasema. Kuna mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo, kazi yake kuutuliza moyo. Mtu akivuta pumzi unalegea, akitoa unakaza. Kwa watoto jambo hili huonekana sana, na hupungua umri ukisogea. Halina dawa kwa sababu si ugonjwa.

Tuliporudi nilimshika tena mkono akisoma Alhamdu. Mwisho wa aya, pumzi inapomwishia, mapigo yanakwenda polepole. Akivuta ya aya inayofuata, yanaamka.

Ombi langu kwa wahudumu wetu: kabla ya kumwambia mzazi neno “mbovu”, mwacheni mtoto avute pumzi, atoe, mumsikilize. Na mkiwa na shaka, tuandikieni barua ya kwenda mbele, msituachie neno tu. Sisemi kila moyo upuuzwe. Mtoto anayezimia akicheza, anayeumwa na kifua akikimbia au anayegeuka buluu midomo, huyo akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wangu amerudi uwanjani. Ila wenzake wakimwita, bado hunitazama mimi kwanza.

Bibi wa Wete,
Pemba