Mheshimiwa Waziri, kabla ya operesheni ya Desemba tupigieni hesabu kwanza

Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, shikamoo, na pole na majukumu.

Kila mwisho wa mwaka tunajua operesheni ya usalama barabarani inakuja, tochi za trafiki za kupima mwendo zinaongezwa, mabasi yanakaguliwa, halafu Januari tunaambiwa ajali zimepungua. Sawa, ila zimepungua kwa sababu ya operesheni au zingepungua tu? Eneo likipata mwaka mbaya sana, unaofuata mara nyingi ajali zinashuka zenyewe hata msipopeleka askari, watu wa takwimu wanalijua hili siku nyingi, ndo maana wanaingiza kwenye kompyuta ajali za miaka kadhaa na wingi wa magari na aina ya barabara, wanapata makadirio ya ajali ambazo zingetokea bila operesheni, hapo ndo wanalinganisha na zilizotokea kweli.

Chukua hizo tochi. Chalinze mpaka Morogoro dereva akiwashiwa taa na mwenzake anashuka hamsini, akishampita trafiki anakanyaga mafuta kama kawa. Tochi imesoma 50, ripoti inapendeza, ila mtoto anayevuka mbele kidogo anakutana na gari ileile iko mia. Na inajulikana mwendo wa wastani ukipanda asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua inapanda kama asilimia 4. Sasa pesa hiyohiyo ikienda kwenye matuta na njia za waenda kwa miguu karibu na shule, wangapi wanapona? Modeli, yaani barabara ya kuigiza ndani ya kompyuta, inajaribu yote mawili na hakuna anayeumia.

Programu za kuigiza magari barabarani zipo, SUMO ya Wajerumani ni bure kabisa, ila msiichukue ilivyo, bila kuingiza bodaboda wanaochomekea katikati ya malori mtapata Dar ya Ujerumani.

Shida kubwa ni data. Mwaka 2016 sisi tuliripoti vifo 3,256, WHO, Shirika la Afya Duniani, kwa hesabu zao za kompyuta wakakadiria 16,252. Hata kama walizidisha, pengo hilo si la kunyamazia.

Ombi langu: wapeni vijana wa NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) rekodi za ajali za polisi, bila majina ya watu, ila ziwe na saa, aina ya chombo na sehemu kamili, siyo "maeneo ya Mbalizi". Waanze na mteremko wa Iwambi huko Mbeya ambako malori yanafeli breki, na majibu yatoke hadharani hata yakisema operesheni haikusaidia kitu.