Risala ya Klabu ya Filamu ya Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi, Wete, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wajumbe wa kamati ya skuli, wazee na wazazi wetu, wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe Mheshimiwa kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi kwenye viti hivi vya darasani. Punde tu utaangalia filamu yetu ya makala kuhusu karafuu na watu wake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu hii ilizaliwa kwa uchungu kidogo. Filamu nyingi za kisiwa chetu tulizoziona zinafanana: boti inatia nanga, ng'ombe anachezwa, jua linazama, kisha mtu asiyeonekana anatueleza sisi ni nani. Mzee wetu yumo, midomo inacheza, lakini sauti yake imezimwa ili msimulizi apate nafasi. Waliokuja kupiga picha hatuwalaumu; bila wao hata hizo zisingekuwepo. Ila tulitaka mzee aachiwe amalize maneno yake.

Ndiyo maana filamu yetu haina msimulizi. Kuna bibi ameketi juu ya jamvi usiku, anachambua karafuu. Mikono haiangalii. Anashika kishada, anakisukuma kwenye kiganja, karafuu zinaanguka huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule, naye anaendelea kueleza walivyolipwa kwa pishi na nyimbo walizojibizana kutoka mkarafuu mmoja hadi mwengine. Wapo wenzetu waliosema sehemu hiyo ni ndefu mno, inachosha. Sisi tuliohariri tumeona hiyo ndiyo filamu yenyewe, tumeiacha.

Darasani tumesoma kwamba kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikanusurika, na baadaye ikawa ndiyo inayotoa karafuu nyingi zaidi. Kwa bibi huyu habari za karafuu zinakuja kwa majina ya mashamba: nani alipanda, nani aliweka rehani, nani hakukomboa. Kuna mzee mwengine alituomba tuondoe maneno yake kuhusu ugomvi wa shamba. Tumeyaondoa, ingawa yalikuwa matamu.

Kazi inayofuata, inshaallah, ni Pujini, kwenye magofu ya ngome ya karne ya 15 ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa hapa Pemba. Wazee husimulia kwamba aliwabebesha watu mawe huku wakisota kwa makalio. Wengine wanasimulia vyengine kabisa. Hatutachagua, wote watasema.

Mheshimiwa, shida yetu kubwa si kamera. Simu zetu zinapiga picha za kutosha. Shida ni sauti. Msimu wa kuchuma unaanza wakati kusi bado inavuma, na upepo ukiingia kwenye simu, mazungumzo ya mchana mzima yanageuka mvumo mtupu. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad amefariki mwaka 1950, lakini tunamsikia hadi leo kwa sababu mwaka 1928 alipelekwa Bombay akarikodiwa kwenye santuri. Wazee wa vijiji vyetu hawahitaji kupelekwa mbali. Wanahitaji maikrofoni nzuri, na mtu wa kuwafuata kabla hawajatutoka.

Kwa hiyo tunakuomba utusaidie maikrofoni za kubana kwenye nguo na diski ya kuhifadhia, maana sasa hivi kazi zetu zote zimo kwenye kompyuta moja ya mwalimu, nayo huzima inapotaka. Pia tunaomba utufungulie mlango Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, ili nakala za mahojiano, pamoja na yale tuliyoyakata kwa kukosa nafasi, zihifadhiwe huko kwa ridhaa ya wenyewe. Na ukituwezesha projekta, tutaipeleka filamu Konde, Micheweni na Kengeja; shuka jeupe la kuonyeshea tunalo.

Bibi wa kwenye jamvi yuko hapa, mstari wa mbele. Ametuambia kama tumemkosea atasema papo hapo, kwa hiyo tunaomba baada ya filamu apewe kipaza sauti kabla ya mtu mwengine yeyote.

Tunaomba kuwasilisha.