Shukrani kwa kaka wa dukani

Kaka uliyenikuta Jumamosi kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga, nimeshika kipande cha ukingo wa ngazi, ule unaofunika ncha ya sakafu pale ngazi inapoanzia, na kuulizia gundi: ahsante sana, Mungu akubariki. Hata jina hukuniachia.

Nilikuwa nimepanga kusukuma vibao vya lamineti vya sakafu ya ghorofani hadi pale ngazi inapoanzia, kisha nipigilie ukingo juu yake. Ukachana boksi, ukanichorea. Sakafu hii inaelea juu ya sponji, haijashikizwa chini, ukasema, na unyevu wa pwani huitanua. Iachie nafasi ya milimita 8 hadi 10. Ukingo ndio ushikwe na zege lenyewe, kwa gundi na skrubu, na skrubu isipite kwenye kibao. Mdomo wake ndio ufunike ile nafasi.

Nimefanya hivyo hivyo. Jana mama, mwenye goti bovu, alishuka kwa mara ya kwanza. Nilisimama vidato viwili chini yake, mikono tayari. Akakanyaga ukingoni kwa uzito wake wote. Haukucheza hata kidogo.

Kile kipande cha boksi nimekihifadhi.