Tarehe Haichaguliwi Ovyo

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba kazi mpya umeizoea, ingawa kupanga zamu za watu waliotoka nchi mbalimbali kunakuumiza kichwa. Umeandika kwamba huelewi kwa nini kila mmoja anang'ang'ania tarehe ya kwao, na kwamba kwako sikukuu ni sikukuu tu, bora watu wapumzike. Hapo, shoga yangu, sikubaliani nawe hata kidogo.

Chukua Ujerumani. Ukuta wa Berlin ulifunguka usiku wa tarehe 9 Novemba 1989, watu wasiojuana wakakumbatiana na kulia hadharani. Ungetegemea hiyo ndiyo iwe sikukuu yao ya taifa. Lakini usiku wa 9 Novemba 1938, Wanazi walichoma masinagogi, wakavunja maduka ya Wayahudi, na maelfu ya wanaume wakakamatwa na kupelekwa kwenye kambi za mateso. Nani angepiga fataki tarehe kama hiyo? Sikukuu yao ikawa 3 Oktoba, siku ambayo mwaka 1990 Ujerumani Mashariki na Ujerumani Magharibi zilikuja kuwa nchi moja kisheria. Ni tarehe ya makaratasi, wala haina picha ya kusisimua, lakini mimi naiheshimu kuliko nyingi. Furaha yao haikuruhusiwa kukanyaga msiba wa wengine.

Afrika Kusini walishika njia nyingine kabisa. Tarehe 16 Desemba 1838, kando ya mto Ncome, Makaburu wenye bunduki walipigana na jeshi la mfalme Dingane, na Wazulu wengi mno wakauawa. Makaburu waliamini kwamba Mungu ndiye aliyewapa ushindi kwa sababu ya kiapo walichomwekea, wakaifanya siku hiyo kuwa takatifu, na serikali za wazungu zikaiweka kwenye sheria. Ndiyo maana Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la chama cha ANC kilichopinga ubaguzi, walichagua tarehe hiyo hiyo, mwaka 1961, kuanza mapambano ya silaha. Fikiria tarehe moja, upande mmoja unasali kushukuru, upande mwingine unalipua mitambo ya umeme! Ubaguzi ulipoondolewa, ilikuwa rahisi kuifuta. Hawakuifuta. Tangu 1995 ni Siku ya Maridhiano, na kila mmoja anaingia humo na kumbukumbu zake. Sijui nchi nyingine iliyobeba mzigo wa namna hiyo ndani ya siku moja ya mapumziko.

Na kama bado unadhani watu wanataka kupumzika tu, tazama Denmark. Tangu 1686 walikuwa na Siku Kuu ya Maombi, Ijumaa ya nne baada ya Pasaka. Mwaka 2023 bunge likaifuta kuanzia 2024, ili watu wafanye kazi siku moja zaidi na fedha zitakazopatikana zisaidie matumizi ya ulinzi. Watu walijaa barabarani kupinga, vyama vya wafanyakazi mbele, na maaskofu nao wakalalamika. Wengi wao si watu wa kwenda kanisani. Kilichowauma, kwa maoni yangu, ni kuona siku iliyodumu zaidi ya karne tatu ikiondolewa kwa hesabu ya bajeti.

Sasa nije kwenye ratiba yako. Wajapani wana sikukuu mbili zinazofuata jua, siku ambazo mchana na usiku hukaribia kulingana, mwezi Machi na Septemba. Tarehe rasmi hutangazwa na serikali yao Februari ya mwaka unaotangulia, kwa hiyo usizipange miaka mitano mbele. Tena wana sheria nzuri: siku ya kazi ikibanwa katikati ya sikukuu mbili, nayo inakuwa ya mapumziko. Itatokea Septemba 2026, tarehe 22. Kwa Wachina, angalia Jumamosi na Jumapili zinazokaribia likizo ndefu, kwani baadhi hugeuzwa kuwa siku za kazi ili kufidia. Idd ndiyo usiiandike kwa kalamu ya wino. Hungoja mwandamo, na kila mwaka husogea nyuma kwa siku kama 11. Mwaka 2000 Idd el-Fitri iliangukia Januari na ikarudi tena Desemba. Acha nafasi ya siku mbili, usimbane mtu achague moja mapema.

Yule mwenzako wa Afrika Kusini uliyesema ni mkimya, muulize kwao 16 Desemba huwa wanaifanyaje. Muulize mkiwa na muda, asije akakujibu kwa haraka. Kisha niandikie alivyosema, nami nitakutumia orodha ya Mei Mosi uliyoiomba, maana Wamarekani wanaadhimisha siku ya wafanyakazi Septemba ilhali mauaji ya Haymarket, kwenye mkutano wa wafanyakazi, ambayo Mei Mosi huyakumbuka, yalitokea kwao, Chicago, Mei 1886, na hilo linahitaji barua yake.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Zuhura